Owino Uhuru: Fidia ni nusu ya haki, nusu nyingine iko kwenye udongo

Ukimtajia kijana yeyote wa Mombasa jina Owino Uhuru, kitu cha kwanza atakachokuambia ni pesa. Sh1.3 bilioni. Ndiyo hesabu iliyozunguka kwenye vyombo vya habari, vijiwe na makundi ya WhatsApp tangu Disemba 2024, Mahakama ya Juu iliporejesha fidia ya wakazi wa mtaa huo waliodhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari.

Ni ushindi mkubwa, na waliopigania wanastahili heshima. Lakini kuna sehemu moja ya kesi hii ambayo watu huipita haraka haraka, na pengine ndiyo yenye uzito zaidi kwa mtu aliye na miaka 18 au 20 leo. Nani atausafisha udongo? Kwa sababu kiwanda kilifungwa 2014, ila sumu yake haikufungiwa pamoja nacho.

Kwa wale ambao walikuwa bado shule ya msingi wakati stori hii ikianza, turudi nyuma kidogo.

Kiwanda kilichoacha deni

Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda ulio karibu na Mikindani, eneobunge la Jomvu. Watu wapatao 3,000 wanaishi hapo. Mwaka wa 2007 kampuni ya Metal Refinery (EPZ) ilianza kuendesha kiwanda kwenye ukuta wa mtaa huo, ikichukua betri zilizokufa na kuzichoma ili kutoa madini ya risasi. Si risasi ya bunduki hii; ni yale madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya betri ya gari au ya sola.

Ajira ilikuja, na moshi nao ukaja. Majitaka ya kiwanda yakaingia mtaani. Mnamo 2009 Phyllis Omido aliajiriwa hapo, na katika kazi zake za mwanzo akahusika na ripoti ya athari za kiwanda kwa mazingira. Mtoto wake akaugua. Vipimo vilipofanywa, damu ikaonekana ina risasi. Omido aliacha kazi, akaanza kuwakusanya majirani, akaunda shirika la kutetea haki na mazingira, akakamatwa, akaendelea. Mwaka wa 2015 alipewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman.

Kesi ilipelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa mwaka wa 2016. Julai 2020 mahakama hiyo ikaamua kwamba haki za wakazi zilikiukwa, ikatoa fidia ya Sh1.3 bilioni, na tena ikaagiza udongo, maji na taka zilizoachwa zisafishwe katika muda wa miezi minne. Kama hilo lisingefanyika, Sh700 milioni zilitakiwa zitolewe kwa kazi hiyo ya usafishaji.

Soma tena hapo. Miezi minne. Iliisha, kesi ikapanda Mahakama ya Rufaa, ambayo 2023 iliamua kiasi cha fidia kihesabiwe upya, kisha ikapanda tena hadi Mahakama ya Juu. Wanasheria walipokuwa wakibishana kuhusu kurasa, watoto walikuwa wakicheza kwenye udongo ule ule.

Na lawama ziligawanywa vipi? Hapa ndipo mlipa ushuru anapaswa kukaa makini. Katika uamuzi wa 2020, sehemu kubwa zaidi, asilimia 40, iliiangukia NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Mwenye kiwanda alibeba asilimia 25. Ukijumlisha NEMA, wizara za Mazingira na Afya, na mamlaka ya maeneo ya EPZ, mashirika ya umma yalibebeshwa asilimia 70. Yaani aliyevuna faida ni mmoja, ila sehemu kubwa ya bili inaletwa kwako na kwangu.

Sumu isiyooza

Kwa nini nasisitiza udongo? Ni kwa sababu ya tabia ya risasi yenyewe.

Mafuta yakimwagika, kuna vijidudu ardhini vinavyoweza kuyala pole pole. Taka za jikoni huoza. Risasi haiozi, haichomeki ikaisha, wala haipeperuki ikatoweka. Vumbi lake likitua leo, hukaa katika sentimita chache za juu za udongo kwa miaka na miaka. Na hapo juu ndipo mtoto anapotambaa, ndipo kuku wanapochakura, ndipo vumbi linapoinuka kiangazi na kuingia kwenye sufuria.

Utafiti uliofanywa kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulilinganisha Owino Uhuru na mtaa wa Bangladesh, papo hapo Mombasa, ambako hakukuwa na kiwanda kama hicho. Wastani wa risasi kwenye udongo wa Owino Uhuru ulikuwa miligramu 146.5 kwa kila kilo; Bangladesh ulikuwa 11.5. Kwenye damu ya watoto, wastani ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita upande wa Owino Uhuru na 3.7 upande wa Bangladesh. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Hata kidogo hupunguza uwezo wa mtoto kujifunza na kutulia darasani.

Kuna anayeweza kuuliza, 146.5 si namba ndogo? Marekani kwa miaka mingi ilitumia kigezo cha miligramu 400 kwa sehemu za watoto kuchezea, na mwaka wa 2024 ikakiteremsha hadi 200 kwa makazi. Basi Owino Uhuru si iko chini?

Wastani ni kitu cha ujanja. Nyumba moja yaweza kuwa safi, na ya tatu kutoka hapo, karibu na mfereji wa zamani wa majitaka, ikawa na kiwango mara kadhaa ya huo wastani. Utafiti wenyewe ulionyesha namba zilizotofautiana sana kutoka sehemu moja hadi nyingine. Ndiyo maana damu ya watoto ilisema jambo ambalo wastani wa udongo peke yake hauwezi kusema.

Na maji je? Kwa kawaida risasi hushikana na udongo na haisafiri upesi kuelekea chini. Lakini betri haina risasi tu. Ina asidi pia. Asidi ikimwagwa ardhini, risasi hulegea na kuyeyuka kwenye maji kwa urahisi zaidi. Mombasa inajulikana kwa shida ya maji ya mfereji, na nyumba nyingi hutegemea visima. Kigezo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za risasi kwa lita. Huwezi kuiona, huwezi kuionja. Na hili tuliweke wazi kwa sababu wengi hukosea: kuchemsha maji huua viini, hakutoi risasi. Maji yakipungua kwenye sufuria, risasi hubaki palepale ndani ya maji machache.

Kijana wa 2007

Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao kiwanda kilianza alitimiza miaka 18 mwaka wa 2025. Ana kitambulisho au anakitafuta. Anatafuta kibarua, chuo au mtaji wa bodaboda.

Ukimpima damu leo unaweza kupata namba ya chini, ukamwambia amepona. Hapo tuwe waangalifu. Risasi haikai kwenye damu muda mrefu; nusu yake hutoka katika kipindi cha karibu mwezi mmoja. Sehemu kubwa ya inayobaki mwilini huhamia kwenye mifupa, na huko hukaa miongo. Mwili huichukulia kama kalsiamu. Msichana aliyekua Owino Uhuru akishika mimba akiwa na miaka 25, mwili ukihitaji kalsiamu ya kumjenga mtoto huchota kwenye mifupa, na risasi hutoka pamoja nayo. Kwa hivyo hii si hadithi ya wazazi wetu tu. Ni ya kizazi kinachofuata pia.

Lishe yenye madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha husaidia mwili kupunguza kiasi cha risasi unachofyonza. Maharagwe, mboga za majani, omena, maziwa. Lakini usimwambie mama mwenye watoto wanne anunue maziwa kila siku ili kupigana na sumu iliyo mlangoni pake. Chanzo ndicho kiondolewe.

Kusafisha ni kufanya nini hasa?

Watu wakisikia usafishaji hufikiria fagio na malori. Kazi yenyewe ina hatua, na ni vizuri kuzijua ili usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwanza ni kupima na kuchora ramani. Kuna vifaa vya mkononi vinavyotumia eksirei ambavyo hukuonyesha kiwango cha risasi kwenye udongo katika muda mfupi. Timu hupita nyumba hadi nyumba, uani, barabarani, shuleni, kwenye mifereji, na kuweka alama palipo na shida. Visima navyo huchukuliwa sampuli. Bila ramani hiyo, mkandarasi atachimba panapomfaa yeye.

Pili ni kuondoa tabaka la juu pale palipo pabaya zaidi na kuweka udongo safi. Hii ndiyo njia ya uhakika katika makazi, ila ina swali gumu: uchafu unaochimbwa unapelekwa wapi? Huwezi kuubeba ukaumwaga Mwakirunge juu ya taka za nyumbani, pale ambapo kuna watu wanachakura wapate riziki. Hapo utakuwa umehamisha Owino Uhuru, si kuisafisha. Unahitajika shimo maalum lililotandikwa chini na kufunikwa juu ili maji ya mvua yasipite, na lilindwe kwa miaka mingi.

Tatu ni kufunika. Palipo na kiwango cha kati, unaweza kuweka udongo safi juu, zege au cabro, mradi kifuniko kitunzwe. Ni rahisi, lakini siku mtu akichimba msingi wa choo au bomba, sumu inarudi juu. Kwa hivyo lazima kuwe na rekodi inayojulikana na kaunti, ya kuonyesha palipofunikwa.

Nne ni kuifunga risasi papo hapo. Ukichanganya fosfeti kwenye udongo, risasi huungana nayo na kuwa madini magumu yasiyoyeyuka kwa urahisi. Haiondoki, ila mwili huifyonza kidogo. Husaidia, hasa pamoja na kufunika.

Halafu kuna ile ya kupanda alizeti au haradali zivute sumu. Utaikuta mtandaoni ikisifiwa sana. Kwa risasi, ni ya polepole mno. Unaongelea miaka mingi, na mmea uliovuna sumu nao unakuwa taka ya sumu. Kwenye mtaa ambao watoto wanalala mita mbili kutoka shambani, hiyo si njia ya kutegemea.

Mwisho, nyumba zenyewe. Vumbi hukaa kwenye dari, juu ya mabati, kwenye magodoro. Ukisafisha nje ukaacha ndani, umefanya nusu kazi. Na lile eneo la kiwanda lenyewe, pamoja na masalia ya kuyeyushia, ndilo la kuanza nalo. Ukianza na mtaa kabla ya chanzo, upepo na mvua vitakurudishia.

Afrika imeshafanya

Kuna wanaosema hili ni jambo la nchi tajiri. Si kweli.

Mwaka wa 2010 katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, zaidi ya watoto 400 walifariki baada ya vijiji kuchafuliwa na risasi iliyokuwa ndani ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Wataalamu waliingia pamoja na serikali za huko, na wenyeji ndio waliochimba, kwa majembe na koleo, wakaondoa udongo mchafu na kurejesha msafi. Vijiji saba vilisafishwa kwanza. Cha nane, Bagega, kilingoja pesa za serikali hadi 2013.

Somo kubwa liko hapo Bagega. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa za kuondoa risasi mwilini, lakini walisema wazi kwamba hakuna maana ya kumtibu mtoto kisha kumrudisha kwenye uwanja wenye sumu. Dawa zilifuata usafishaji. Utaratibu ni udongo kwanza, hospitali baadaye.

Senegal nayo ilipata pigo Thiaroye-sur-Mer, nje kidogo ya Dakar, ambako watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Chanzo kilikuwa kile kile cha kwetu, betri kuukuu zilizovunjwa mtaani. Pale pia udongo uliondolewa.

Na ukitaka kuona kinachotokea usipofanya hivyo, tazama Kabwe nchini Zambia. Mgodi wa risasi ulifungwa 1994. Watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye, ambao hawakuwahi kuona moshi wa mgodi huo, bado walikutwa na risasi nyingi kwenye damu. Kufunga lango hakusafishi uwanja.

Sasa weka hesabu hiyo juu ya Owino Uhuru. Familia ikilipwa fidia leo na ibaki pale pale, sehemu ya chapaa hiyo itarudi kwenye vipimo na dawa. Ikihama, mpangaji mwingine asiyejua lolote ataingia kwenye kile chumba kwa sababu kodi ni nafuu. Fidia humlipa mtu kwa yaliyopita, na ni haki yake. Usafishaji humlinda atakayekuja.

Nani alipe, nani asimamie

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa, na huhitaji kuthibitisha kwamba tayari kuna mtu aliyeumia. Sheria ya mazingira ya 1999 inaipa NEMA uwezo wa kumwamuru mchafuzi arejeshe mazingira yalivyokuwa. Sheria hiyo hiyo inataja hazina ya kitaifa ya kurejesha mazingira, na dhamana ya pesa inayoweza kuwekwa na wenye shughuli hatari kabla hawajaanza.

Kwa hivyo tatizo si karatasi. Tatizo ni kwamba vifaa hivi hutafutwa moto ukiwa umeshawaka. Kama kiwanda kingeweka dhamana ya kutosha siku ya kupewa leseni, pesa za kuchimba udongo zingekuwa benki siku kilipofungwa, na hatungengoja hadi Mahakama ya Juu. Hili ndilo badiliko moja ambalo bunge na NEMA wanaweza kulisukuma bila kungoja kesi nyingine: asiyeweka pesa za usafishaji, asiwashe tanuru.

Kuna na suala la uwazi. Mabilioni yakitajwa, kila mtu hujitokeza. Usafishaji wa Owino Uhuru unahitaji mpango uliochapishwa, ramani ya vipimo kabla na baada, na mtu asiyehusika na mkandarasi apime mwishoni. Wakazi wawe kwenye meza hiyo. Kwenye mitaa ya mabanda watu wengi hawana hati za ardhi. Ni lazima swali liulizwe mapema kama, baada ya ardhi kuwa safi na kupanda bei, waliokula sumu ndio watakaobaki au watafurushwa.

Betri zinaendelea kuja

Usidhani hii imeisha kwa sababu kiwanda kimoja kilifungwa. Magari yanaongezeka. Nyumba nyingi mashinani zina betri ya sola. Kila betri ya risasi ina siku yake ya kufa, na ikifa kuna jamaa wa skrapu anayeinunua kwa kilo. Kuna vijana wenzetu wanaozivunja kwa nyundo, wakimwaga asidi kwenye mtaro, bila glavu, kisha wakienda nyumbani na vumbi kwenye nguo na kuwabeba wadogo zao.

Hatuwezi kuwaambia tu waache, ni riziki. Wanaweza kuiuza ikiwa nzima, bila kuivunja, kwa mnunuzi mwenye leseni. Wanaweza kuacha nguo za kazi kazini na kunawa kabla ya kula. Na wewe unayesoma hapa, betri yako ikiisha, muulize fundi inakwenda wapi.

Zaidi ya hapo, soma matangazo. Kiwanda kikitaka kujengwa, sheria inataka tathmini ya athari kwa mazingira na maoni ya umma. Matangazo hayo hutoka kwenye gazeti na kwenye Gazeti Rasmi la serikali, na mara nyingi hupita bila hata kijana mmoja wa mtaa kuandika sentensi moja. Andika. Uliza majitaka yatapita wapi, upepo unaelekea upande upi, na siku wakifunga ni nani atakayesafisha. Swali hilo la mwisho likiulizwa mapema, halina gharama. Owino Uhuru liliulizwa baadaye, na jibu lake sasa linahesabiwa kwa mamia ya mamilioni.